Fisi wa Kwetu Harudishi

Mama alihamia kwangu Kiomboi baada ya kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe kule Ulemo. Walimkuta amekaa katikati ya alizeti, kanga ameikunja mapajani, akasema anamsubiri mtu wa kumwonyesha njia ya nyumbani. Nyumba ilikuwa inaonekana kutoka pale alipokaa. Mama mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, alinipigia simu asubuhi iliyofuata akaniambia, "Mwanangu, njoo umchukue. Mimi nimeshindwa."

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza mama leo ni siku gani, akamwomba ahesabu kurudi nyuma, akamwonyesha kalamu na kumuuliza ni nini. Mama akasema, "Si unaiona mwenyewe?" Daktari alicheka, kisha akanigeukia mimi bila kucheka. Ni ugonjwa wa kusahau, alisema. Dawa ya kuuponya hakuna. Mtunze, na ujitunze na wewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Naishi peke yangu kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na ua mdogo nyuma. Asubuhi jirani yangu alikuwa anakaa na mama, mchana nikirudi nampokea. Tulikuwa tunakaa uani kwenye mkeka, tunachambua maharage au mchicha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mikono ya mama haikusahau kitu. Jina langu lilikuwa linampotea mara mbili kwa siku, lakini jiwe dogo kwenye maharage halikumpita.

Siku moja, katikati ya kuchambua, alianza kusimulia hadithi ambayo sikuwahi kuisikia. Alisimulia kwa Kinyiramba, na hapa nainukuu kwa Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili inapungua kidogo.

Palikuwa na mama mmoja, alisema, na mvua ilikuwa imekataa. Visima vyote vilikauka, kikabaki kimoja tu mbali kwenye mawe makubwa, na fisi alikuwa amelala mdomoni pake. Yule mama akafika na mtungi kichwani na mtoto mkononi. Fisi akamsalimia vizuri sana. Alikuwa fisi mwenye adabu, amevaa koti. Akasema, "Mama, maji ni yako. Chota mpaka ujaze. Ila huyo mtoto niachie, mke wangu hana wa kumsaidia nyumbani." Mama akakataa, akaenda. Siku ya pili akarudi, akakataa tena. Siku ya tatu akachota maji, akaenda nyumbani bila mtoto. Mtungi ulikuwa mzito, hata hakuweza kugeuka kuangalia nyuma.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu nini?"

"Mtoto alirudi?"

Mama aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa. "Hadithi imeishia hapo," alisema.

Naona aibu kusema nilivyofurahi. Kidato cha tatu walikuwa kwenye mada ya fasihi simulizi, na nilikuwa nimechoka na mifano ya vitabuni. Siku iliyofuata nilimwomba mama asimulie tena, nikamrekodi kwa simu. Alisimulia vile vile, neno kwa neno, koti likiwemo. Mtu aliyesahau kama amekula anakumbuka koti la fisi. Nililiona jambo hilo kama ushahidi wa nguvu ya fasihi, na ndivyo nilivyowaambia wanafunzi.

Niliwasikilizisha sauti ya mama, nikawatafsiria wale wasiojua Kinyiramba, kisha nikaandika ubaoni neno istiara. Niliwaeleza kwamba hii ni hadithi inayosema jambo moja huku ikimaanisha lingine. Nikawaambia kwamba watu wa kila mahali duniani, hata ambao hawajawahi kuonana, wana wahusika wale wale: mlinzi anayekaa mlangoni pa kitu unachokihitaji na kudai malipo, mdogo mjanja, mama wa kambo, mtoto aliyepotea. Wanachobadilisha ni nguo tu. Kwetu ni fisi, kwingine ni joka, kwingine ni jini. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayejua.

Wanafunzi walifanya kazi nzuri. Fisi ni tamaa, walisema. Fisi ni mkoloni. Fisi ni ukame wenyewe. Kisima ni uhai, mtungi ni mzigo wa dhamira. Nilikuwa naandika ubaoni, mkono unauma, nafsi imejaa. Ndipo msichana mmoja, mkimya, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, aliponiuliza, "Mwalimu, kwa nini huyo mama hakumwambia fisi amchukue yeye mwenyewe?"

Nilimwambia ni swali zuri, nikasema tutalijadili kipindi kijacho, kama walimu tunavyofanya tukikwama.

Mchana ule nilimpelekea mama swali lile lile. Nilikuwa namsuka nywele, amekaa chini kati ya miguu yangu. "Mama," nilisema, "yule mama wa kisimani, kwa nini hakujitoa yeye badala ya mtoto?"

Alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Ningewezaje? Nilikuwa na wewe tumboni."

Vidole vyangu vilisimama kichwani mwake. Nilimuuliza taratibu, "Mtoto yule alikuwa nani, mama?"

"Mtoto gani?"

"Aliyechukuliwa na fisi."

"Unasuka au husuki?" alisema. "Shingo inaniuma."

Lazima nieleze jambo moja hapa. Nilikua nikijua kwamba mama alizaa mtoto wa kike kabla yangu na kwamba alikufa kwa surua nikiwa sijazaliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Hakuna aliyenionyesha kaburi, na mimi sikuuliza, kwa sababu kwetu mtoto aliyekufa hauliziwi. Kwenye fomu zote za maisha yangu nimejiandika mtoto wa kwanza.

Jumamosi nilimwacha mama kwa jirani nikaenda Ulemo. Nilimkuta mama mdogo anapepeta uwele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha ungo, akaniuliza hali ya dada yake. Nilimwambia anasimulia hadithi. Nikamsimulia ile ya fisi, mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye koti ungo ulitulia.

"Hadithi ni hadithi," alisema.

"Mama mdogo, ameniambia alikuwa na mimi tumboni."

"Mgonjwa husema mengi."

"Kaburi la dada liko wapi?"

Kuku walikuja wakaanza kudonoa uwele kwenye ungo, na mama mdogo hakuwafukuza. Kisha akaniuliza kama nimeshiba, na mimi nikasema sikuja kula. Ndipo akaniambia, huku akiangalia kuku wala si mimi.

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Baba yangu alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kibarua upande wa Manyoni, na habari zake zilikuwa hazifiki. Mama alikuwa na mimba kubwa na msichana wa miaka saba. Kuna mfanyabiashara alikuwa anakuja kijijini na lori kununua kuku na ngozi. Mtu mpole, alivaa koti hata juani, aliamkia wazee. Aliwaona mama na binti walivyo. Akasema mke wake mjini anatafuta binti wa kukaa naye, atamsomesha kama wake. Mama alikataa mara ya kwanza, akakataa na ya pili. Mara ya tatu alikuja na gunia la unga wa mahindi. Hakulitaja kama malipo. Alilishusha tu mlangoni.

"Wewe umezaliwa kwa unga ule," mama mdogo alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza tu.

Lori halikurudi tena kijijini. Mfanyabiashara yule hakuna aliyejua kwao, wala jina lake kamili. Mama alipojifungua alisubiri kidogo, kisha akanibeba mgongoni akaenda Singida mjini kutafuta. Alienda na kurudi kwa miaka kadhaa, kila alipopata mtu wa kumpakia. Baba aliporudi aliambiwa ni surua. Kijiji kizima kiliambiwa ni surua, na kijiji kizima kilijua, kikakubali.

"Alikuwa anaulizia wapi huko mjini?" niliuliza.

"Madukani. Kuna duka la Wahindi la vitambaa, walikuwa wanamkaribisha."

Nilipanda basi la Singida wiki iliyofuata, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni kwa sababu za kifamilia. Sikutegemea kitu. Nilipita duka moja hadi lingine nikiulizia familia iliyokuwa inauza vitambaa tangu zamani, na kwenye duka la tatu kijana wa kaunta aliniita nyuma, kwa bibi yake. Alikuwa mama mzee sana, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya picha ya mungu wao iliyovishwa maua makavu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kiomboi, mama. Kwetu hasa ni Ulemo." Nikamweleza: mwanamke wa Kinyiramba, mtoto mchanga mgongoni, anaulizia msichana.

Alinitazama usoni kwa muda. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali pa kuingilia dukani. "Alikuwa anakaa pale, kwenye ngazi. Huyo mtoto mgongoni ni wewe?"

Nilisema ni mimi. Alinishika mkono akanikalisha.

Alikuwa amezaliwa hapo hapo Singida, aliniambia, lakini wakati ule alikuwa bi harusi, hakuruhusiwa kutoka dukani, na mwanamke wa ngazini akawa rafiki yake. Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, na chake yeye kilikuwa cha kuuzia kitambaa. Hawakuweza kuzungumza mambo mazito. Mama aliweza kusema mtoto, lori, koti, na hakuna zaidi. Kwa hiyo siku moja yule bi harusi, akitafuta cha kumfariji, alimsimulia, kwa maneno machache na ishara za mikono, hadithi aliyosimuliwa na nyanya yake kwa Kigujarati. Mwanamke na binti yake wanaenda kuteka maji wakati wa kiangazi. Kisimani kuna chui milia, mkubwa kama ng'ombe. Chui anasema, nipe mtoto nikupe maji.

"Siku ya tatu akamwacha," nilisema.

"Siku ya tatu akamwacha. Unaijua?"

"Mama anaisimulia. Lakini kwake ni fisi."

Alicheka, machozi yakimtoka. "Ndiyo, aliniuliza chui milia ni mnyama gani, nikashindwa kumweleza. Akasema, basi tuseme fisi."

Nilimuuliza hadithi ya nyanya yake iliishaje. Akasema chui yule alikuwa mfalme aliyelaaniwa. Binti alimhurumia, akampa maji kwa viganja vyake, laana ikavunjika, na mfalme akamrudisha binti kwa mama yake akiwa amevaa dhahabu.

"Nilimsimulia hivyo," alisema. "Nilitaka afurahi. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akaniambia, fisi wa kwetu harudishi. Baada ya hapo alikuja mara moja tu tena."

Kuhusu mfanyabiashara hakujua lolote. Mume wake, ambaye pengine angejua, alikuwa ameshafariki. Alinipa chai na karanga, na nilipoondoka alininyooshea kitambaa cha kijani cha kumpelekea mama, akanikataza nisiseme kitu.

Nilikwenda kwenye redio moja ya mjini nikaomba tangazo. Nilikuwa na jina la utotoni la dada, alilonipa mama mdogo, na nilikuwa na alama moja: kovu la uji wa moto kwenye kiwiko cha kushoto. Mtangazaji aliniuliza jina la aliyemchukua, nikasema sijui. Akaniuliza mji, nikasema sijui. Aliandika, akasema watalisoma kwa siku kadhaa.

Walilisoma. Na simu zikaanza kuingia.

Hilo sikulitegemea, na ndilo lililonivunja kuliko yote. Mwanamke wa kwanza alipiga kutoka Tabora. Alichukuliwa kwao akiwa mdogo, anakumbuka mawe makubwa na lori, hana kovu lakini labda limefutika. Nilimuuliza umri wake, na alikuwa mdogo kwangu. Nilipomwambia, akasema, "Dada, hata hivyo unaweza kunitafutia?" Wa pili alikuwa na kovu, la goti. Wa tatu hakujua kabila lake, alitaka nimsemeshe Kinyiramba asikie kama kitamgusa. Nilimsemesha. Nilimsalimia, nikamuuliza wamelalaje watoto, nikamwambia mvua imenyesha. Hakikumgusa. Alishukuru akakata simu.

Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba mtoto aliyepotea ni mhusika anayepatikana katika kila utamaduni, na nilikuwa nimeliandika hilo ubaoni kwa chaki. Sasa nilikuwa nimekaa uani na simu mkononi, nasikiliza mhusika huyo akinipigia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ana sauti yake, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumsaidia. Namba zao ninazo. Yule wa Tabora hunitumia salamu za Pasaka.

Wakati huo hali ya mama ilikuwa inateremka haraka. Aliacha kuchambua maharage. Chakula ikabidi nimlishe. Nilimshonea gauni kile kitambaa cha kijani, na siku nilipomvalisha kwa mara ya kwanza nilifikiri nitajaribu kitu. Nilikaa mbele yake nikamsimulia hadithi yake kwa Kinyiramba, kisima, fisi, koti, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliufuata mdomo wangu kwa macho. Nilipofika mwisho sikuishia pale. Nikasema fisi akaona haya, akavua koti, akamshika yule mtoto mkono akamrudisha mpaka mlangoni kwa mama yake.

Mama alikunja uso. "Nani amekuambia hivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

"Wewe ni muongo," alisema, akageukia ukuta. Hakuzungumza na mimi mpaka kesho yake.

Sikujaribu tena. Lakini siku moja, mwishoni mwa muhula, nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa kitandani, wima, macho yamechangamka kuliko nilivyoyaona kwa miezi. Jirani alisema ameshinda hivyo. Mama aliniangalia nikiingia, akaniangalia tena, akaliita jina la dada.

Nilisimama mlangoni na daftari za wanafunzi kifuani.

"Umerudi?" aliuliza.

Jirani alinitazama. Hakujua lolote, lakini alielewa kwamba kuna jambo. Nilifikiria kumwambia mama kweli. Nilifikiria pia kwamba amenisubiri, yaani amemsubiri, umri wangu wote, na kwamba sina kingine cha kumpa.

"Nimerudi, mama," nilisema.

Alinyoosha mikono. Niliziweka daftari chini nikaenda, na alinipapasa uso, mabega, akashika kiwiko cha kushoto akakigeuza kwenye mwanga. Hakuna kovu pale. Alikipapasa muda mrefu. Sikujua kama ameridhika au anatafuta. Kisha akaangalia nyuma yangu, mlangoni, wasiwasi ukaanza kumwingia usoni.

"Na mdogo wako?" alisema. "Yule niliyekuwa naye tumboni. Umemwacha wapi?"

Nilimwomba alale kidogo.

"Umemwacha wapi?" alirudia, sauti imepanda, akaanza kutafuta kanga ili ashuke kitandani. Jirani akaja kumshika upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilimwambia yupo, yuko shule, anakuja. Alisema nisimdanganye, shule imefungwa, jua linazama, mtoto yuko nje. Alikuwa na nguvu ambazo sikujua bado anazo. Ilibidi tumtoe nje uani, na tulimzungusha ua mzima mara tatu akiniita mimi kwa jina langu, huku nikimshika mkono, na kila nilipoitika alisema hapana, si wewe, namtaka mdogo wako.

Alichoka mwenyewe. Tulimrudisha ndani akalala na gauni lake la kijani.

Baada ya siku ile maneno yalimpotea kidogo kidogo. Sasa hivi anasema "maji" na "hapana", na siku nyingine hata hayo hayasemi. Mama mdogo alikuja kumtazama wiki iliyopita. Alikaa kando ya kitanda akamshika miguu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yake aliwahi kujua kwamba nimeambiwa. Nilisema sijui. Akaniuliza kama namlaumu. Nilimwuliza anamaanisha nani, yeye au mama, akasema wote wawili.

Nilimwambia simlaumu mtu. Alikubali kwa kichwa, na nadhani hakuniamini. Kisha tukamgeuza mama upande wa pili, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.